Jibu: Mama apasuliwe ngiri ya kiwambo au aendelee na dawa?

Pole sana dada. Umesema omeprazole, vidonge vya kupunguza tindikali, hazimsaidii mama tena na chakula kinampanda kooni akilala.

Kwenye upasuaji huo, sehemu ya mfuko wa chakula iliyopanda kifuani hushushwa, tundu la kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) hushonwa lipungue, kisha sehemu ya juu ya mfuko huzungushwa kwenye umio (mrija wa chakula kutoka kooni) kama kola ya shati ili tindikali isipande. Mzunguko kamili aliuanzisha Dkt. Rudolf Nissen mwaka 1955. Siku hizi hutobolewa matundu madogo tu. Wapo wanaozungushiwa robo tatu tu ya mzunguko (nyuzi 270), kumeza kukawa kwepesi zaidi.

Kabla hajasaini, apimwe kwa kamera, apimwe tindikali kwa saa 24, na nguvu ya umio kusukuma chakula. Hicho cha mwisho msikubali kirukwe! Umio dhaifu ukikazwa sana, hata ugali utakwama.

Mimi nilifanyiwa. Wiki za mwanzo uji na supu tu, kubeua shida, tumbo limejaa gesi, soda niliiaga. Lakini kulala chali, loh, nilikuwa nimeshasahau kukoje. Wengine hurudia vidonge baada ya miaka, hilo nalo mwambieni.