Chepe la babu lilikuwa la nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimepata picha ya marehemu babu, aliyekuwa fayamani (mtunza moto wa injini) wa reli Mombasa. Amesimama mbele ya injini, mkononi ana chepe dogo. Ubavuni pana kibao cha jina, lakini bega lake limekiziba. Zinasomeka herufi LAI tu. Shangazi anasema ni mwaka 1950 na babu alikuwa akitia makaa. Ni kweli? – Mjukuu, Voi

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mwambie shangazi, kwa adabu, kwamba amekosea mara mbili.

Injini zenye vibao vya majina ya milima ni Garratt, injini kubwa za mvuke, za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester na kuletwa mwaka 1955 na 1956. Kwa hiyo 1950 haiwezekani. Na katika milima yote hiyo, unaoishia na LAI ni mmoja tu: Mount Gelai, namba 5918.

Makaa je? Hazikula makaa hizo. Zilichoma mafuta mazito. Nami nilikuwa fayamani kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, na kazi yenyewe ilikuwa ya macho: mkono kwenye vali ya mafuta, jicho kwenye bomba la moshi. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yamezidi hewa, punguza. Ukiwa wa kijivu hafifu, dereva hana neno nawe.

Chepe la babu yako lilikuwa la mchanga. Mafuta yale huacha masizi ndani ya mirija ya boila, na mirija ikishika masizi maji hayapati moto, nguvu ya mvuke inashuka mkiwa mnapanda mlima, ndipo utakapotukanwa. Basi injini ikiwa inavuta kwa nguvu, unachota mchanga mkavu, unausogeza kwenye tundu la tanuri, nao unanyonywa fyuu! kama mtu anayevuta ugoro. Unapita kwenye mirija ukiyakwangua masizi, na bombani linatoka wingu jeusi tititi.

Wingu hilo halitupwi ovyo. Mimi nililitupa mara moja tukikaribia Mtito Andei, upepo ukaligeuza, likashukia nguo zilizoanikwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Shuka tano nyeupe, nilizihesabu. Mama mwenyewe alitungoja pale tulipokuwa tukijaza maji, na dereva wangu, mtu mzima na heshima zake, akajifanya anakagua magurudumu upande wa pili. Nilizilipia sabuni mshahara ulipotoka.

Sasa la furaha: 5918 haikukatwa chuma chakavu kama dada zake wengi. Ipo kwenye jumba la makumbusho la reli, Nairobi, tani 252 zake zote. Nenda na picha, utafute kibao kile, ujue bega la babu lilifika wapi.

Lakini usiibebe ya asili. Ipige kwa simu kivulini, mbele na nyuma, maana nyuma huwa pana mhuri wa studio au mwandiko. Usiitie plastiki ya moto, itaharibika na haitoki tena. Na jina la babu liandike nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino.

Shangazi akibisha bado, muulize makaa yenyewe yako wapi pichani.