Kadi ya Messi kwa laki tatu: kagua kabla ya kutuma hela

Ndugu, nimekuelewa: muuzaji wa Instagram anakupa kadi ya Messi ya 2004 iliyochapwa na Panini, kampuni ya kadi za wachezaji, ndani ya kasha la PSA (kampuni inayokagua uhalisia na ubora wa kadi na kuzifunga kwenye kasha la plastiki), kwa laki tatu, na anataka utume hela kwanza ukiwa huko Mwanza. Bei yenyewe inatia shaka. Kadi za Messi za msimu ule huenda kwa mamilioni.

Omba namba ya cheti iliyo kwenye lebo ya kasha, uiingize kwenye tovuti ya PSA. Namba kukubali hakutoshi, maana matapeli hunakili namba halali. Kama tovuti ina picha, linganisha kona na upana wa kingo. Kisha dai picha mpya, kadi ikiwa juu ya karatasi yenye jina lako na tarehe. Matapeli wengi hupotelea hapo.

Kadi isiyo na kasha ipeleke kwa sonara, ana lenzi ya mara 10 na mizani ya gramu. Herufi halisi kwa kawaida zina wino uliojaa. Zikiwa vitonevitone, huenda kadi imeskaniwa ikachapwa upya. Uzito ulinganishe na kadi ya bei rahisi ya toleo hilohilo.

Ukishalizwa, pigia mtandao wako wa simu papo hapo kabla hajatoa hela, kisha nenda polisi na mazungumzo yote.