Ah bon? Mshangao wa Kifaransa na jamaa zake

Natembeza watalii Arusha. Nikiwaambia Wafaransa kwamba fisi hutafuna hata mifupa, hujibu "Ah bon?" Bon si nzuri? Uzuri uko wapi hapo?

Haupo, kaka. "Ah bon?" ni "Eti kweli?" yetu. Hata ukimpa Mfaransa habari ya msiba anaweza kuitikia hivyo hivyo, wala hajakukosea adabu. Sauti ikipanda mwishoni, anataka uendelee kusimulia.

"Oh là là" ni neno la mapenzi?

Kwenye sinema tu. Wenyewe huitoa wakimwaga kahawa, wakikosa treni, wakiona bili ya fundi bomba. Jambo likizidi, "là" nazo huongezeka: oh là là là là! Ndivyo nasi tunavyoivuta "weeee".

Nimejifunza "sacrebleu". Nitumie?

Labda kama unataka kuchekwa. Imebaki kwenye vibonzo, na midomoni mwa Wafaransa wa kubuniwa na Waingereza. Lakini asili yake tamu: kilikuwa kiapo, "sacré Dieu", jina la Mungu likafichwa nyuma ya "bleu", buluu. Ujanja huo ungali hai. Mzazi aliyekwisha anza tusi la "pu..." mbele ya watoto huligeuza "Punaise!", yaani kunguni. "Mince!", yaani -embamba, huziba tusi la "m...". Mimi napenda zaidi "La vache!", ng'ombe jike, ambayo hutamkwa hata mahali pasipo na zizi.

Rafiki yangu akikutana na mtu asiyemtarajia husema "Tiens!" Kamusi inasema "shika". Nishike nini?

Usishike kitu, dada. Hiyo ni "Kumbe!" au "Ala!" Ukifuata kamusi, Mjerumani anayeshangaa kwa "Donnerwetter!" utamdhania anatangaza hali ya hewa, maana ni ngurumo na hewa. Na sisi je? "Lahaula" tumeikata kutoka dua ya Kiarabu isemayo hapana hila wala nguvu ila kwa Mungu. "Aisee" ni "I say" ya Waingereza. Siku hizi kuisikia London ni bahati, Dar es Salaam haipiti dakika.

Niliandika "Je suis surpris qu'il est là", yaani nashangaa kwamba yupo, mwalimu akapiga mstari mwekundu. Kanionea?

Hajakuonea. Baada ya "je suis surpris que" kitenzi hubadilika: "qu'il soit là". Mwombe radhi.