Mpwa anataka blogu ikae sebuleni

SWALI: Shikamoo anko. Niko Ngamiani hapa Tanga, nina blogu yangu ya Blogspot (ile huduma ya bure ya Google), naandika habari za mji wetu, magofu ya Tongoni, mapango ya Amboni, na mapishi kidogo. Mpwa wangu kasoma kompyuta, anasema nihamie WordPress, programu ya kuendeshea blogu, afu ile desktopu ya zamani aigeuze seva, yaani kompyuta ya kutunzia blogu, hapahapa sebuleni nisimlipe mtu. Shoga yangu yeye anasema nilipie kampuni iihosti, yaani initunzie blogu kwenye seva zao. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ya sebuleni sahau. Sio kwamba mpwa hajui, ila intaneti ya bando mara nyingi haikupi anwani ya IP ya peke yako (namba ya kukutambulisha mtandaoni), mnachangia moja wateja kibao, kwa hiyo msomaji wa nje akibisha hodi seva yako haionekani, njia za kulizunguka hilo zipo lakini luku ikiisha usiku na blogu imezima.

Kuhosti mwenyewe kunakoeleweka ni kukodi VPS, seva pepe, yaani kipande cha seva kubwa inayokaa kwenye jengo lenye umeme wa uhakika, ziko hadi za dola 5 hivi kwa mwezi. Bei nzuri, ila fundi ni wewe: apdeti za Ubuntu (mfumo endeshi wa seva), PHP (lugha inayoendesha WordPress), databesi, WordPress yenyewe na plagini, zile programu za nyongeza (wadukuzi wanapenda sana kupitia plagini zilizozeeka), cheti cha usalama wa saiti, kile cha bure cha Let's Encrypt, nacho kinadumu siku 90 tu, usipokiseti kijihuishe chenyewe wasomaji wanapewa onyo kwamba saiti si salama. Sasa mpwa akipata kazi Dodoma, nani ataamka kurekebisha?

Kwa hiyo shoga yako yuko karibu na ukweli. Kampuni inakufanyia mengi ya hayo, we kazi yako kubwa inabaki kuandika. Ila kabla hujalipa uliza bei ya mwaka wa pili, maana ofa huwa ya mwaka wa kwanza, na uliza kama bakapu unaweza kuipakua mwenyewe.

Lakini mi ningeanza na domeini, yaani jina la anwani ya blogu, ile ya .co.tz, isajiliwe kwa jina lako wewe, sio la mpwa wala la kampuni, kisha niiunganishe na hiyohiyo Blogspot, inakubali. Blogspot ikikubana ndo uhame, anwani inabaki ileile. WordPress ina kifaa cha kuvuta posti na komenti kutoka Blogspot, ila usifute ya zamani mpaka uhakikishe picha zote zimehama, zingine huwa bado zinasomwa kulekule.