Upekuzi Umerudi Safi, Lakini Usilipe Bado

Msomaji aliyeko Mwanza anataka kiwanja Kigamboni, na ana jibu la upekuzi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za kiwanja kwa Msajili wa Hati. Swali lake: "Upekuzi umerudi safi, muuzaji ananiharakisha, nilipe?" Usilipe. Najua wengi wenu mnadunduliza miaka na miaka kupata kiwanja kimoja, kwa hiyo jibu hili si lake peke yake.

Kwanza, huo upekuzi nani ameufanya? Kama karatasi umeletewa na dalali, bado hujafanya upekuzi. Chukua nakala ya hati, peleka maombi mwenyewe au kupitia wakili wako kwa Msajili wa Hati wa mkoa kiwanja kilipo, lipa kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number), subiri jibu la maandishi. Likitoka, lilinganishe na hati mstari kwa mstari: namba ya hati, kiwanja, kitalu, mita za mraba, jina la mmiliki, rehani, zuio, amri ya mahakama. Muda wa umiliki watu huuruka. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1995 inaisha 2028. Unauziwa ncha ya muwa.

Jibu hilo la upekuzi linasema kilichoandikwa kwenye daftari la Msajili siku lilipotolewa, basi. Haliendi shambani. Hapo ndipo watu wengi wanapolizwa: hati ni halali, muuzaji ni mmiliki kweli, ila ardhi aliyokuonyesha ni ya mtu mwingine mtaa wa pili. Mchukue mpima ardhi aliyesajiliwa, umtafute wewe, si yule anayekuja na muuzaji. Atoe ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, asome viwianishi vyake (namba zinazoonyesha kila kona ilipo), kisha aende navyo kiwanjani na GPS kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka, moja baada ya nyingine. Bikoni halisi ni zege lenye nondo katikati na namba yake. Inayotikisika ukiisukuma kwa mguu, au ambayo zege lake bado jipya ilhali kiwanja kilipimwa zamani, ipimwe upya kabla hujaongea bei. Na mpima akiwa kazini, ongea na majirani. Jirani anayesema "hapo kuna kesi" amekupa taarifa ambayo daftari huenda halina, kwa sababu shauri lisilowekewa zuio kwa Msajili halionekani kwenye upekuzi. Uliza liko baraza gani la ardhi au mahakama gani, ufuatilie huko.

Ukiwa hapohapo, tazama barabara na maji. Sheria ya Barabara ya 2007 imetenga mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto. Ukuta uliopakwa rangi mpya kipande kimoja tu, uliza chini yake kuna nini. Mara nyingine ni X nyekundu, alama ya kubomolewa.

Halafu mke. Au mume, au wake. Jina kwenye hati linaweza kuwa moja, lakini kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi kinakubebesha wewe mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenza ameridhia. "Sikujua ameoa" si utetezi kwa mtu ambaye hakuuliza. Mwenza asaini ridhaa mbele ya wakili, akiwa na kitambulisho, wewe ukiwepo. Muuzaji akisema wameachana, omba talaka ya mahakama na uamuzi wa mgawanyo wa mali.

Mali ya marehemu ina mlango wake. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi, si "mtoto mkubwa". Kama shauri lilikuwa Mahakama ya Mwanzo atakuwa na Fomu Namba 4. Chukua namba ya shauri, nenda ukasome jalada, uone kama uteuzi wake haujatenguliwa na kama kiwanja kimetajwa kwenye orodha ya mali. Saini za warithi zisikose. Anayeuza kwa hati ya uwakilishi naye, mtafute aliyempa. Akiwa amefariki, uwakilishi umekufa naye.

Kama hakuna hati kabisa, kuna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa tu, hapo Msajili hana cha kupekua. Muhuri wa mwenyekiti unashuhudia kwamba mmeuziana. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye ardhi. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri, uulize mchoro wa mipango miji unasemaje: makazi, shule au eneo la wazi.

Kwa wa Mwanza: weka kwenye mkataba kwamba fedha kubwa inatoka baada ya ridhaa ya mwenza, ripoti ya mpima na risiti za pango la ardhi hadi mwaka huu. Andikeni pia nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji na nani ushuru wa stempu. Kisha omba upekuzi wa pili, jibu lake litoke wiki ileile ya malipo. Huo ulionao mkononi ukikaa miezi miwili, rehani mpya inaweza kuwa imeshaingia daftarini.