Baba yake amesema akifeli asirudi nyumbani

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha nne, mtihani wa taifa ni Novemba. Kwenye moko, mtihani wa majaribio, alipata daraja la tatu la pointi 24: C nne na D tatu. Baba yake aliuza kiwanja ili alipe ada, akamwambia, "Ukifeli usirudi hapa." Tangu siku hiyo anaamka saa nane usiku kusoma, chai ya asubuhi hainywi, tumbo linamuuma. Juzi nilimkuta amelalia daftari. Kichwa cha habari alikuwa amekiandika mara tatu, chini yake hakuna kitu. Nifanye nini?*
*Mama Zai, Morogoro*

Marahaba, Mama Zai, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye hilo daftari. Mtoto huyo si mvivu. Amechoka na anaogopa.

Kabla ya ratiba na tuisheni, ile kauli ifutwe, na aifute aliyeitamka. Ukiifuta wewe, Zai atajua mama anamfariji tu. Ongea na baba yake faragha, si mbele ya watoto. Uchungu wake naujua, kiwanja kikienda kimeenda. Lakini mtoto anayewaza atalala wapi mwezi Januari hawezi kushika Historia. Amwite mwenyewe, amwambie: "Matokeo yoyote yatakayokuja, hapa ni kwenu."

Halafu chukueni karatasi ya moko mhesabu wote watatu. Yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. C ni pointi 3, D ni 4. C nne ni 12, D tatu ni 12, ndiyo hiyo 24. D zote tatu zikigeuka C anapata 21, na hilo ni daraja la pili. C inaanzia alama 45, kwa hiyo mwenye 41 anatafuta alama nne tu. Tena akizipata tena hizo C nne, kidato cha tano kinawezekana, maana kiwango cha chini ni C tatu bila somo la dini, mradi masomo yake yaunde tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano. Baba aone hesabu hiyo kwa macho yake.

Usingizi arudishiwe. Aliyoyasoma jioni, ubongo huyapanga akiwa amelala, na kuamka saa nane ni kuikatiza kazi hiyo. Taa izimwe saa tatu na nusu, aamke saa kumi na moja na nusu, simu ilale chumbani kwako.

Na asome kwa kujiuliza. Binti wa kaka yangu, nilipokuwa nakaa naye, alisoma kurasa mbili za Biolojia, akafunga daftari, akaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo yote aliyoyakumbuka. Yaliyokosekana mlangoni ndiyo aliyoyarudia. Kupitia mistari ile ile mara kumi humdanganya mtu kwamba ameelewa. Kila Jumamosi afanye mtihani mmoja wa miaka ya nyuma kwa muda wake kamili, kisha asahihishe. Jumapili apumzike, asuke nywele, acheke na wenzake.

Tumbo lisipotulia, mpeleke kituo cha afya. Na siku akitamka kwamba hataki kuishi, usimwache peke yake hata dakika moja, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mkiwa mmekaa, liongeleeni na daraja la nne, bila kunong'ona. D nne, bila kuhesabu dini, ni kiwango cha chini cha kuingia vyuo vingi vya cheti. VETA, vyuo vya ufundi stadi, ipo, na kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea kupo. Mtoto anayejua kuna njia nyingine haingii chumba cha mtihani akitetemeka.

Kesho asubuhi usimuulize amesoma nini. Mpikie uji mwepesi, ukae naye mpaka kikombe kiishe.

Shangazi