Maswali ya Wasomaji: Siku, Saa na Miezi

Nilizaliwa tarehe 14 Septemba 1978, na hapa nyumbani hakuna anayekumbuka ilikuwa siku gani. Naweza kuijua bila kutazama simu? (Msomaji, Tanga)

Unaweza, ndugu msomaji, tena Kiswahili kinakupunguzia kazi, kwa sababu siku zetu tano zina namba ndani ya majina yake.

Chukua tarakimu mbili za mwisho za mwaka: 78. Zigawe kwa 4 na ushike namba kamili tu: 19. Ongeza namba ya mwezi. Namba hizo, kuanzia Januari hadi Desemba, ni 1, 4, 4, 0, 2, 5, 0, 3, 6, 1, 4, 6. Zikariri kwa mafungu ya tatutatu: 144, 025, 036, 146. Septemba ni 6. Ongeza tarehe, 14. Mwisho ongeza 1, kwa kuwa mwaka wako uko kati ya 1900 na 1999. Jumla ni 118. Gawanya kwa 7, utapata 16 na baki 6.

Baki ndiyo jibu. Baki 1 ni Jumamosi, 2 Jumapili, 3 Jumatatu, 4 Jumanne, 5 Jumatano. Siku mbili zenye majina ya Kiarabu ndizo za kukumbuka: 6 ni Alhamisi, na pasipo baki ni Ijumaa. Ulizaliwa Alhamisi.

Jaribu kwa uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961: 61 na 15 na 6 na 9 na 1 ni 92, baki 1, Jumamosi. Ndivyo ilivyokuwa.

Wengi hukosea kwenye robo ya mwaka. 78 kwa 4 ni 19 na nusu, lakini ile nusu huachwa, haigeuzwi kuwa 20. Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: mwaka ukiwa mrefu, yaani wenye tarehe 29 Februari, tarehe za Januari na Februari hupunguziwa 1. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, yanatoa 64 na 16 na 1 na 12 na 1, jumla 94. Ukiishia hapo utapata Jumatatu. Punguza 1, inabaki 93, baki 2: Jumapili, ambayo ndiyo sahihi. Kuanzia Machi hupunguzi kitu hata kama mwaka ni mrefu. Kwa miaka ya 2000 hadi 2099 ile 1 ya mwisho haiongezwi. Kwa miaka ya 1800 hadi 1899 huongezwa 3.

Vita vya Zanzibar na Waingereza vilipiganwa siku gani, na kweli havikufika saa nzima? (Msomaji, Mombasa)

Kweli. Ilikuwa 27 Agosti 1896, na hesabu ya hapo juu inatoa Alhamisi. Muda ambao Waingereza waliwapa watu wa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitangaza sultani, waondoke kwenye kasri uliisha saa 3 asubuhi. Dakika mbili baadaye manowari za Kiingereza zikaanza kupiga mizinga, na kabla ya saa 4 kasoro robo kila kitu kilikuwa kimekwisha. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam.

Kwa nini Kigoma jua huchelewa kuchomoza kuliko Dar es Salaam, nasi tuna saa moja nchi nzima? (Msomaji, Kigoma)

Kwa sababu hiyohiyo ya kuwa na saa moja. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa longitudo wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Dar es Salaam iko kwenye 39.3 na Kigoma 29.6. Jua hutumia dakika 4 kuvuka digrii moja, basi kutoka Dar hadi Kigoma ni kama dakika 39. Kwa wastani wa mwaka, jua hufika juu kabisa Dar kwenye saa 6 na dakika 23 mchana. Kigoma ni saa 7 na dakika 2. Bujumbura, ziwa hilohilo na karibu longitudo ileile, hutumia saa iliyo nyuma yetu kwa saa nzima. Anayesafiri kutoka Kigoma kwenda huko arudishe saa yake nyuma.

Tiketi yangu ya ndege imeandikwa 00:40, tarehe 12. Niende uwanjani usiku upi? (Msomaji, Arusha)

Nenda jioni ya tarehe 11. Hiyo ni saa 6 na dakika 40, usiku wa kuamkia tarehe 12. Tarehe ya tiketi hubadilika saa 6 usiku, ila kwetu usiku ni mmoja hadi alfajiri, na hapo ndipo watu hufika ndege ikiwa imeondoka jana yake. Kwa mapokeo ya pwani siku huanza magharibi, ndiyo maana mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia Alhamisi baada ya jua kuzama. Mkipanga shughuli ya usiku, tajeni tarehe na neno "kuamkia".

Maulidi huwa Mfungo Sita, lakini kwenye kalenda ya Kiislamu ni mwezi wa 3. Ipi sahihi? (Msomaji, Lamu)

Zote. Hesabu ya pwani huanza baada ya Ramadhani: Shawali ni Mfungo Mosi, na mifungo huendelea hadi Mfungo Tisa. Kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani hubaki na majina yake. Kuanzia Mfungo Nne, ambao ni Muharamu, toa 3 upate namba ya mwezi wa Hijria. Kwa Mfungo Mosi, Pili na Tatu, ongeza 9. Idi ya Kuchinja ni tarehe 10 Mfungo Tatu, yaani mwezi wa 12.